Namba ya Kwenye Bolti

Bunduki ya Stellamaris ilikuwa ya kumi na saba na yangu ilikuwa ya kumi na nane, kwa sababu mstari ulipangwa kwa urefu na yeye alinizidi vidole viwili. Vidole viwili si kitu. Lakini ukisimama miezi mitatu kushoto kwa mtu aliyekuzidi vidole viwili, ukamsikia yeye akisifiwa mguu wake na wewe ukiambiwa unyanyue kidevu, vinakuwa vingi.

Tulikuwa makuruta wa mgambo, watu thelathini, wanawake watano tu. Mazoezi yalikuwa kwenye uwanja mmoja hapa Kibaha, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, kisha kila mtu anakwenda kutafuta riziki yake. Mimi nilikaa Maili Moja kwa shangazi yangu Mwanamvua, namsaidia kukaanga mihogo. Kwetu hasa ni Marui, Kisarawe. Huko ndiko nilikomaliza la saba, na huko ndiko shule yangu ilikoishia.

Zile bunduki zilikuwa kuukuu na hazipigi. Pembeni, pale risasi inapokaa, zimetobolewa tundu la kuingia kidole, na kwenye kitako zimezungushiwa rangi nyeupe ili mtu akiiona kwa mbali ajue ni ya kwata, na juu ya rangi hiyo imeandikwa nafasi ya mwenyewe mstarini. Chuma chake kimejaa alama kama ukuta wa choo cha shule. Kuna herufi mbili, D na P, ambazo tuliambiwa maana yake ni ya mazoezi tu. Kuna mshale mdogo mfano wa unyayo wa kuku. Kuna mwaka, kuna taji lililofutika nusu, na kuna namba. Namba zenyewe ni mbili: moja imepigwa kwenye mwili wa bunduki, nyingine ipo kwenye bolti, kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele. Nadhani zilipotoka kiwandani zilifanana. Sasa zimepita mikono mingi, bolti ya hii imeingia kwenye ile, na hakuna hata moja ninayoijua iliyokuwa na namba mbili zinazolingana.

Siku ya kwanza tulipogawiwa, alikaa mezani mzee mmoja, Afande Kibwana, ambaye baada ya mwezi alistaafu. Alikuwa na daftari kubwa. Kila mtu anafika na bunduki yake, anataja jina, mzee anasema, "Soma namba yako," anaandika. Hakusema ipi. Stellamaris alikuwa mbele yangu. Alivuta bolti, kwa kuwa namba yake ilikuwa inang'aa vizuri kwa kushikwashikwa, akasoma kwa sauti ya kengele: "Nne, sita, sifuri, moja, tisa."

"Binti umesoma wewe," mzee akamwambia.

"Kidato cha nne, afande."

Nikafika mimi. Nilijua namba inakokaa. Baba yangu alikuwa na gobore la kibali, alikuwa anawindia ngedere na nguruwe wanaomaliza mahindi. Lilibadilishwa mti mara mbili na vyuma vidogo mara nyingi tu, lakini afisa akija kukagua alisoma pale kwenye chuma kikubwa, basi. "Vingine vyote ni nguo," baba alikuwa akisema. Kwa hiyo niliacha bolti, nikaanza kufuta grisi kwenye mwili kwa upindo wa shati. Namba ilikuwa imezama, nikawa nasoma tarakimu mojamoja.

"Harakisha, la saba," mzee akasema.

Nilikuwa sijamwambia kwamba nimeishia la saba. Aliona tu. Watu walicheka, na Leodegar naye alicheka, kijana aliyekuwa kiongozi wa kundi letu. Ningeweza kumwambia Stellamaris pale pale kwamba amesoma siko. Nikajisemea, aliyesoma anajua.

Stellamaris ni Mnyamwezi wa Tabora, amekulia hapa kwa sababu baba yake ni karani. Mimi ni Mzaramo. Sisi ni watani, na mtani hana mpaka. Siku ya pili tu alishaanza.

"Mtani, hayo ni mabuti au umevaa mitumbwi?"

"Nimeazima kwa baba yako," nikamjibu.

"Baba yangu hana miguu ya kukanyagia dagaa."

Watu wakafa kwa kicheko. Jibu zuri lilikuja nikiwa nimeshafika nyumbani, mbele ya karai la mihogo, na hapo hapakuwa na wa kumwambia. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Yeye maneno yanamjia mdomoni na mimi yananijia jioni. Hata hivyo tulikaa pamoja wakati wa mapumziko, tukala pamoja, na mtu asiyejua angesema hawa ni shoga. Nilimpenda pia, sitasema uongo. Lakini nilikuwa namtazama. Nilijua anavyofunga kamba za buti, nilijua ana mashati mawili tu ya ndani, nilijua kwamba Leodegar, ambaye mwezi wa kwanza alikuwa anaketi karibu yangu na kumega muhogo wangu bila kuomba, mwezi wa pili alikuwa anaketi katikati yetu, na mwezi wa tatu alikuwa anaketi upande wa pili wake.

Halafu ikaja habari ya kazi. Kiwanda kimoja cha mabomba ya plastiki upande wa Kongowe kilitaka mlinzi mwanamke wa getini, wa kupekua mikoba ya wanawake wakati wa kutoka. Walitaka mtu aliyepita mgambo, elimu yoyote. Afande Godbless, aliyempokea kazi mzee Kibwana, alitakiwa kupeleka jina moja. Alituita mimi na Stellamaris kando.

"Nyinyi wawili ndio mnaofaa," alisema. "Wewe Mwanahalima una macho. Wewe Stellamaris una mdomo. Getini vinatakiwa vyote viwili, lakini nafasi ni moja. Nitaamua baada ya ukaguzi."

Tulipotoka pale Stellamaris alinishika mkono. "Mtani, akichukua macho, sikasiriki," akasema. "Akichukua mdomo, usiniroge."

Nilicheka. Moyoni nilikuwa nasema, wewe una cheti, una baba karani, utapata kwingine. Mimi nikikosa hii narudi kwenye karai.

Ukaguzi ulikuwa Jumatano. Jumanne tulisafisha. Kila mtu alitoa bolti yake akaiweka kwenye turubai moja katikati, wengine wanasugua kwa mafuta, wengine wanapitisha kitambaa kwenye mtutu. Filimbi ilipopigwa ya kukusanya, watu waliinama wote kwa pamoja, kila mtu akaokota bolti iliyo karibu na mkono wake, akasukumiza ndani, akakimbilia mstarini. Ziliingia zote. Zilikuwa zimelegea kwa uzee, yoyote ingeingia popote.

Jumatano akaja mkaguzi, mtu mfupi mwenye miwani, na lile daftari la mzee Kibwana kwapani. Alipita mtu kwa mtu, anafuta chuma kwa kidole gumba, anasoma namba ya mwili, anatazama daftarini, anaendelea. Alipofika kwa Stellamaris alisoma, akatazama, akasoma tena.

"Hii si yako."

"Ni yangu, afande. Kumi na saba."

"Kumi na saba ni rangi. Rangi mtu yeyote anapaka. Daftari linasema nne sita sifuri moja tisa. Iko wapi?"

Stellamaris akavuta bolti, akaitazama. Niliona uso wake ukibadilika. Namba aliyoikuta pale ilikuwa nyingine kabisa.

"Ilikuwepo," akasema. "Nilisoma mwenyewe."

"Bunduki hazioti miguu," mkaguzi akasema. Akageuka kwa Afande Godbless. "Thelathini zipo kwa idadi. Lakini hii haimo kwenye daftari, na iliyomo kwenye daftari haipo. Maana yake kuna iliyotoka na kuna iliyoingia. Na sisi sote tunajua huko vijijini mtutu mzuri unageuzwa gobore."

Aliyoyasema kuhusu vijijini hayakuniumiza, ingawa vijiji vyenyewe ni vyetu. Nilikuwa nashangaa kitu kingine. Wanaume wote wa mbele walikuwa wamesoma namba ya mwili, kwa kuwa namba zao kwenye bolti zilikuwa zimefifia. Mwanamke aliyesoma vizuri kuliko wote ndiye peke yake aliyeandikisha bolti.

Mkaguzi alimtoa mstarini. Akasema hadi Jumatatu bunduki ionekane, ama sivyo jambo linakwenda polisi, na kuhitimu kwa kundi zima kunasimama.

Wakati wa kurudisha silaha ghalani nilibaki nyuma kidogo. Nilivuta bolti yangu nikaigeuza juani. Nne, sita, sifuri, moja, tisa. Unyayo wa kuku ulikuwa pembeni yake, kichwa chini. Nilikuwa nayo mimi. Tangu Jumanne nilikuwa nimeishika, nimepiga nayo saluti, nimepita nayo mbele ya mkaguzi, naye akasoma namba ya mwili wa bunduki yangu, akaikuta sawa, akapita.

Niliisukuma ndani ikalia klak. Nikairudisha bunduki yangu ya kumi na nane kwenye nafasi yake, nikaenda nyumbani kukaanga mihogo.

Sikupanga kunyamaza. Nilisema nitasema kesho. Usiku nikaona, nikisema kesho asubuhi mapema ni kama mtu anayekimbilia kusifiwa, acha waulize kwanza. Hakuna aliyeuliza.

Alhamisi Stellamaris alikuja, akazuiwa kuingia uwanjani. Akakaa nje kwenye msingi wa tangi la maji, mikono mapajani, anatutazama tukipiga kwata bila yeye. Nafasi ya kumi na saba iliachwa wazi. Afande Godbless alisema tusisogee, kwa hiyo upande wangu wa kulia kulikuwa na hewa tupu. Nitasema kweli: ilikuwa tamu. Kwa mara ya kwanza afande aliuona mguu wangu. "Vizuri, kumi na nane," alisema.

Mapumziko nilimpelekea Stellamaris chai. Sikutaka kuwa mtu pekee asiyekwenda.

"Mtani," akaniambia, "wewe unaona kila kitu. Hukuona chochote?"

"Watu walikuwa wengi," nikasema.

"Baba ananiuliza nimeiuza kwa nani. Baba yangu mwenyewe." Akanywa chai yangu yote.

Ijumaa Afande Godbless aliandika jina langu kwenye karatasi ya kiwandani. Nililiona likiandikwa, Mwanahalima, na jina la baba yangu. Nilitegemea nitafurahi hadi nyumbani. Lakini nilipotoka ofisini nilikuta kundi zima limemzunguka Stellamaris pale kwenye tangi. Mmoja amemletea chapati, mwingine amemvulia koti lake alikalie, na wale waliokuwa wanamcheka mwezi wa kwanza kwa kuongea sana sasa wanamwambia, "Ongea basi, mbona kimya kinatuua." Walikuwa wanamwimbia wimbo wetu wa kukimbilia, wameweka jina lake ndani. Leodegar alikuwa anapiga makofi.

Nilisimama mbali. Nikaona kwamba nimemwondoa kwenye mstari, na wote wametoka mstarini wakamfuata.

Leodegar alikuja kunisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu. Nikadhani labda.

"Nimesikia umepata," akasema.

"Alhamdulillahi."

"Hongera. Lakini usivimbe kichwa, dada. Tunajua sote ile kazi ni ya nani. Wewe unamshikia tu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango. Nilitembea toka pale hadi Maili Moja kwa miguu. Shangazi aliniuliza kama naumwa, nikasema buti zinabana.

Ndipo nilipoamua kusema, na watu wakiniuliza sababu huwa nawaambia dhamiri ilinisuta. Dhamiri ilikuwepo, lakini haikuwa mbele. Mbele kulikuwa na hili: nilitaka wajue kwamba yule wanayemwimbia ndiye aliyekosea. Kidato cha nne, sauti ya kengele, amesoma nguo akaacha mwili. Na mimi wa la saba nilisoma sawasawa. Nilitaka Leodegar asikie hilo mbele ya watu.

Jumamosi, kabla ya kwata, nilipiga mguu mbele nikaomba kuongea. Afande Godbless akaniruhusu. Nilivuta bolti yangu nikampa. Nikamwomba daftari, nikamwonyesha kwamba namba ya Stellamaris daftarini ndiyo hii ya bolti, na kwamba siku ya kwanza alisoma kwenye bolti kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inang'aa. Nikasema bunduki aliyonayo ndiyo ileile aliyopewa, haijatoka wala haijaingia nyingine. Nilisema kwa ufasaha. Maneno yalinijia palepale, kwa mara ya kwanza.

"Alikosea yeye," nikamalizia. "Namba ya bunduki haisomwi kwenye bolti."

Nilimtazama Leodegar. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameshatoka mbio kwenda kwenye tangi, na wengine nyuma yake, na sekunde hiyohiyo Stellamaris alikuwa ameinuliwa juu juu kama bibi harusi. Hakuna aliyesikia neno "alikosea". Walisikia kwamba haikuibwa.

Afande Godbless peke yake ndiye aliyebaki mbele yangu, na bolti mkononi.

"Umeigundua lini?"

Ningeweza kusema leo. Lakini nilikuwa bado na ule moto wa kusema kweli.

"Jumatano, afande."

"Baada ya ukaguzi?"

"Wakati wa kurudisha silaha."

Aliigeuza bolti, akaisoma mwenyewe. Nyuma yake kundi lilikuwa linarudi na Stellamaris, wanaimba, na walipofika karibu wimbo ukakatika, kwa sababu uso wa afande ulikuwa umekaa vibaya.

"Rudia," akaniambia. "Waambie wenzako. Lini?"

"Jumatano," nikasema.

Stellamaris aliwekwa chini. Alinijia taratibu hadi karibu. Nilijiandaa kwa utani, au kwa kofi. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Jumatano, Alhamisi, Ijumaa," akasema. "Alhamisi si ndiyo uliniletea chai?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa na sukari nyingi. Nikasema, mtani ananipenda leo."

Akarudi akasimama kwenye nafasi yake ya kumi na saba, na mimi nikarudi kwenye yangu. Siku hiyo kwata ilienda hadi saa tano. Hakunisukuma bega, hakunitazama, hakunitania. Afande Godbless alitoa karatasi ya kiwandani mfukoni, akaichana mbele yetu, akasema mlinzi anayeona akanyamaza ni hatari kuliko asiyeona, maana asiyeona anaweza kununuliwa miwani. Watu walicheka. Stellamaris hakucheka.

Tulihitimu wiki mbili baadaye. Shangazi alikuja na kanga mpya. Leodegar alipiga picha na kila mtu, na mimi nimo katika ile ya pamoja.

Kazi alipewa Stellamaris. Mimi baada ya mwezi nilipata kibarua, na kwa kuwa riziki haina aibu, ni katika kiwanda hichohicho. Napanga viungio vya mabomba kwenye mifuko. Ni vitu vidogo, vinaingia mfukoni, na ndiyo maana jioni wanawake tunapanga foleni getini, mikoba wazi, Stellamaris anaingiza mkono hadi chini, anafungua na kipochi cha ndani, anapapasa na mifuko ya gauni. Bado ana mdomo. Anawatania wote, hata wale wa makamo, nao wanampenda.

Nikifika mimi anatazama juu ya kichwa changu, vile vidole viwili, anasema, "Pita." Hajafungua mkoba wangu hata siku moja.

"Una bahati, una mtu getini," wenzangu huniambia.

Ofisini kwa msimamizi kuna tangazo: mlinzi atakayepitisha mtu bila kumpekua atafukuzwa siku hiyohiyo. Mlango wa ofisi huwa wazi na msimamizi ni mtu wa kusikiliza. Stellamaris anajua nimelisoma. Kila ninapopita pale na ndoo ya maji mguu wangu unapunguza mwendo wenyewe, na kila mara nimeendelea mbele.

Sasa ni mwezi wangu wa tatu pale. Jioni, nikiwa bado wa kumi kutoka mbele, nafungua zipu ya mkoba mwenyewe. Natoa kanga, natoa bakuli la chakula, natoa kitambaa cha kufutia jasho, navishika mkononi vyote ili ndani pabaki peupe, aone hata bila kuingiza mkono. Kisha nasogea na foleni, taratibu, nikiwa nimeushika mkoba wazi mbele yangu.